Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi: Migongo ya Wachuma Chai wa Kericho

Wahenga wetu walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiuona juu ya mgongo wa mtu, wadhani ni mwepesi. Leo nataka tuutazame mzigo ambao sisi watu wa Pwani huuona mwisho wake tu. Tangu 1969 mnada wa chai hufanyika hapa Mombasa, na magunia hupita katika maghala yetu yakielekea bandarini. Lakini kabla ya chai kuingia kwenye gunia, majani yake yamebebwa mgongoni na mchumaji wa Kericho au Bomet.

Niliwahi kupita nchi hiyo ya chai. Kutoka barabarani mashamba yanapendeza kama zulia la kijani, lakini kazi yenyewe haina zulia. Mchumaji huinama mbele kwa saa nyingi, mikono yote miwili ikikata majani, kisha huyatupa nyuma, ndani ya kikapu kilichofungwa mgongoni. Kila saa ikipita kikapu huzidi uzito, naye yuko kwenye mteremko wenye umande au tope. Malipo ni kwa kilo, kwa hivyo anayepumzika hujipunguzia mwenyewe riziki.

Sasa tujiulize, kikapu cha kilo 10 au 12 kina madhara gani? Mbona mama zetu hubeba ndoo ya maji ya lita 20 kichwani?

Jibu ni kwamba mgongo hauhesabu kilo peke yake. Huhesabu pia mkao, marudio na muda. Baina ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini vinavyozuia mifupa isisagane. Mtu akisimama wima, uzito hugawanyika sawasawa. Akiinama, visahani hubanwa upande mmoja na misuli ya kiuno hulazimika kuvuta kwa nguvu nyingi. Chukua mzigo wa kilo 10 ulioshikwa nusu mita mbele ya kiuno. Misuli ya mgongo iko kama sentimita 5 tu kutoka katikati ya pingili, kwa hivyo huvuta takriban mara kumi ya uzito ule. Ndiyo maana wataalamu wa usalama kazini wa serikali ya Marekani waliweka kilo 23 kuwa kikomo cha kunyanyua kwa mikono hali zote zikiwa nzuri. Mtu akijipinda, akinyoosha mikono mbali au akirudia mara nyingi, kikomo hicho hushuka sana.

Madhara hayaji kwa siku moja. Huanza kwa uchovu wa kiuno unaoisha ukilala. Baadaye hauishi. Kisahani kikichomoza na kubana mshipa wa fahamu, maumivu hushuka pajani hadi mguuni. Wengine huumia magoti na mabega, wengine hupata ngiri, na kwa akina mama kunyanyua vizito kwa miaka huongeza hatari ya kizazi kushuka. Tena ukipata ganzi sehemu za siri, miguu ikilegea, au ukashindwa kuzuia mkojo, usingoje kukandwa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo hili limefika mahakamani mbali sana. Zaidi ya wafanyakazi elfu moja, wa sasa na wa zamani, waliidai kampuni ya James Finlay (Kenya) huko Edinburgh, Uskoti, kwa sababu kampuni hiyo ilisajiliwa Uskoti ingawa mashamba yako Kericho. Walisema migongo na viungo vyao viliharibika kwa mizigo na mazingira ya kazi. Kampuni ilipinga. Mwaka 2022 mahakama iliwaruhusu kushtaki kwa pamoja. Yakafuata mabishano marefu kuhusu nchi ipi inafaa kusikiliza, na mwishoni mwa 2023 majaji wa rufaa wakaisimamisha kesi ili wafanyakazi wapitie kwanza njia ya fidia iliyoko Kenya.

Njia hiyo ni sheria ya majeraha ya kazini ya 2007, maarufu kama WIBA, na Mahakama ya Juu ya Kenya iliithibitisha Desemba 2019. Ukiumia kazini, dai lako huanzia kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Mwajiri anatakiwa kuripoti ajali ndani ya siku 7 baada ya kuarifiwa, na dai liwasilishwe ndani ya miezi 12.

Na hapa ndipo ninapoona shimo. Ajali ina tarehe. Mtu akianguka, kila mtu ameona. Mgongo uliolika kwa miaka kumi na tano una tarehe gani? Asiye na karatasi ataambiwa ni uzee. Kwa hivyo maumivu yakianza, mwambie msimamizi mbele ya shahidi, nenda zahanati, mweleze daktari kazi unayofanya na aiandike, kisha uihifadhi karatasi hiyo kama unavyohifadhi kitambulisho.

Kuna wasemao dawa ni mashine. Mashine kweli huondoa kikapu, lakini humwondoa na mwenye kikapu. Mei 2023 waandamanaji walichoma mashine za kuchumia chai Kericho. Mtu asilazimishwe kuchagua baina ya kiuno na chakula cha wanawe. Kikapu kidogo, vituo vya kupimia vilivyo karibu, mapumziko yasiyokatwa malipo na zamu za kazi tofauti havihitaji kumfukuza mtu. Tena sheria ya usalama kazini ya 2007 tayari inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumjeruhi.

Hili si la bara pekee. Hamali wa Marikiti, kijana wa mkokoteni Kongowea na mpakiaji wa maghala ya chai wana uti wa mgongo ule ule. Dini yetu imetufunza kwamba mwili ni amana, na kwamba tusiwatwike walio chini yetu kazi inayowashinda bila kuwasaidia. Wewe mwenye duka unayemwita hamali abebe magunia mawili kwa safari moja ili umalize haraka, lijaribu moja kwanza begani mwako. Utajua kama ni usufi.