Uchovu Usioisha kwa Usingizi

Huko kwenu Ipole, wilayani Sikonge, wakati wa kukausha tumbaku ya mvuke, moto wa bani huangaliwa usiku na mchana karibu wiki nzima. Kuchoka hapo si ajabu. Lakini uko uchovu wa namna nyingine.

Aliyechoka kwa kawaida akilala vizuri huamka na nguvu. Huyu wa pili huamka amechoka vilevile. Shamba alilolipenda, sasa hataki hata kuliona. Kazi aliyoizoea inamharibikia mikononi. Mtoto akiuliza neno, anafokewa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hali hii hutokana na kulemewa na kazi kwa muda mrefu.

Jamani, huo si uvivu! Msimcheke. Pokezaneni zamu ya moto, baba, mama na vijana wakubwa, kila mtu apate usiku wake wa kulala.

Na kama umepumzika siku kadhaa bila nafuu, nenda zahanati. Huenda ni malaria au upungufu wa damu.

Haya ndugu, kazi njema, na mapumziko mema pia.