Twende Kuwaona Popo wa Kidike



Wengi wetu hapa Pemba tumezaliwa tukawakuta popo. Jioni wanatoka, wanapita juu ya minazi na mikarafuu. Alfajiri wanarudi kulala. Tumewazoea mpaka hatuwatazami tena. Basi kwa nini watu wanatoka mbali, wengine ng'ambo ya bahari, kuja Kidike kuwatazama? Na kwa nini sisi tunasema vikundi vya wanakisomo navyo viende? Leo tutaeleza.

POPO HUYU NI NANI?

Popo wako wa aina nyingi. Wapo wadogo wanaokaa darini na kula wadudu. Tunayemsema hapa ni yule mkubwa, mwenye uso kama wa mbwa. Akitandaza mabawa, toka ncha hii mpaka ncha ile ni zaidi ya mita moja na nusu. Yeye hakai darini wala pangoni. Analala juu ya miti mirefu, kichwa chini miguu juu. Chakula chake ni matunda, maua na majani.

Jambo kubwa ni hili: popo huyu hayupo popote duniani ila Pemba. Unguja hayupo. Bara hayupo. Ndugu zake wa ukoo wako Mafia, Visiwa vya Komoro, Madagaska na nchi za Asia, lakini yeye mwenyewe ni wa kwetu tu.

Kwa nini iwe hivyo? Tazameni bahari. Zamani sana maji ya bahari yaliposhuka, Unguja iliungana na bara. Pemba haikuungana, kwani mkondo ulio baina yetu na bara una kina cha mamia ya mita. Viumbe waliofika hapa wakakaa peke yao muda mrefu, wakawa na umbo lao wenyewe. Hata ndege tunao wanne wasiopatikana pengine: bundi mdogo wa Pemba, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, na yule ndege mdogo mwenye duara jeupe machoni.

WALIKUWA KARIBU KWISHA

Misitu yetu ilifyekwa sana. Karne ya 19 mikarafuu ilipandwa kwa wingi, na baadaye watu wakaongezeka wakahitaji mashamba, kuni na mbao. Popo wakakosa miti mirefu ya kulala. Tena waliwindwa kwa nyama, kwa mitego na kwa bunduki. Risasi moja ndani ya kundi lililolala huangusha wengi.

Hebu tufikiri kidogo. Kuku ukimchinja mmoja, mwenziwe ataangua vifaranga kumi. Popo jike anazaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Ukiua majike mia, utangoja miaka mingi pengo hilo lizibike.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walibaki elfu chache tu katika kisiwa kizima. Mwaka 1996 wakaandikwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio karibu kabisa kutoweka. Ndipo Idara ya Misitu, pamoja na jumuiya ya Uingereza iliyoitwa wakati ule Fauna & Flora International, wakakaa na wanavijiji. Vikaundwa vikundi vya kulinda popo. Kidike, kaskazini ya Chake Chake, ni mahali pamoja palipolindwa na wanakijiji wenyewe. Mwaka 2007 walipohesabiwa, walikuwa wamefika kiasi cha 20,000. Wakatolewa katika daraja ile ya hatari kubwa kabisa, lakini bado wamo katika orodha ya wanaohitaji kulindwa.

Wazee wetu nao wana sehemu yao. Miti ya makaburini hawakukubali ikatwe. Kumbe pale popo walipata makazi.

NA MAEMBE YETU JE?

Tuseme kweli. Mwenye shamba akilalamika kwamba popo wanamla embe zake, hasemi uongo. Popo anapenda embe na shelisheli kama sisi. Lakini tutazame na upande wa pili. Akila tunda hapa, mbegu anaiangusha kule. Akinywa maji ya ua, unga wa ua unamganda manyoyani, naye anaupeleka kwenye ua jingine, likazaa. Msitu unapandwa usiku bila jembe wala mshahara. Dawa ya mwenye shamba ni kuchuma embe zikiwa zimekomaa, kabla hazijaiva mtini. Bunduki si dawa.

Na tunda lililotafunwa na popo lisiliwe. Litupeni. Matunda mengine yaosheni.

JINSI YA KWENDA ZIARA YA SIKU MOJA

1. Wanakikundi wakutane, wachague siku na kiongozi. Wapeleke habari mapema Kidike.

2. Kila mtu achukue maji, chakula, daftari na kalamu. Mkono uliojifunza kuandika usilale.

3. Mkifika, lipeni kiingilio bila ya kunung'unika. Mwanakijiji anayelinda miti akikosa faida, kesho ataitazama miti ile kama kuni.

4. Kaeni kimya. Msipige makofi, msirushe mawe. Popo akishtuliwa mchana anaruka katika jua kali, na mama huenda amembeba mtoto kifuani. Akianguka popo chini, msimshike kwa mkono. Popo wanaweza kuwa na maradhi.

5. Wahesabuni. Hesabuni popo wa mti mmoja, kisha hesabuni miti. Mkikuta popo 40 katika mti, na miti inayolingana nao ni 6, basi 40 mara 6 ni 240. Andikeni tarehe na hesabu yenu. Mwakani rudini mlinganishe. Wakipungua, mtakuwa wa kwanza kujua.

Siku nyingine nendeni Msitu wa Ngezi, mbele ya Konde. Huko kuna mivule mikubwa na njia ya kutembelea. Yule bundi mdogo naye yupo, ila analia usiku. Kwa ziara ya mchana msimlaumu kiongozi mkimkosa.

Jirani zetu wamekwisha anza zamani. Kenya vyama vya wanyamapori vya wanafunzi vilianza mwaka 1968, na Tanzania Klabu za Malihai zilianza mwaka 1980. Lakini elimu hii si ya watoto peke yao. Mwenye shamba, mwenye panga na mwenye kukata shauri la mti ni mtu mzima.

MASWALI YA KUJADILI

1. Popo jike anazaa watoto wangapi kwa mwaka?
2. Katika shehia yenu, popo wanalala wapi? Nani mwenye miti hiyo?
3. Mwenye shamba na popo, mngewasuluhisha vipi?