Mashine ya Kujenga Ukuta: Je, Mfanyakazi Anunue Hisa Zake?



Katika mikutano ya matawi kuna swali ambalo limekuwa likirudi. Wanachama wanasikia kuwa ng'ambo imetengenezwa mashine inayopanga matofali na kujenga ukuta wa nyumba, na kwamba mtu wa kawaida anaweza kununua hisa katika kampuni ya namna hiyo, hata kwa simu yake ya mkononi. Wako waliopokea kiinua mgongo ambao wanashawishiwa kukitia chote huko. Wanatuuliza: Je, mashine hiyo ipo kweli? Kuna faida? Na ni haki mfanyakazi kutia fedha yake kwenye mashine inayokuja kumwondoa mwashi kazini?

Tutayajibu maswali hayo moja moja. Hatuandiki ili kumkataza mtu kutumia jasho lake apendavyo, bali ili yule anayetoa fedha ajue anaitia kwenye kitu gani.

MASHINE YENYEWE

Mashine ipo. Inayojulikana zaidi inaitwa Hadrian X, na imetengenezwa na kampuni ya FBR ya mji wa Perth, Australia. Jina hilo ni la mfalme wa Warumi ambaye mnamo mwaka 122 aliamuru ujengwe ukuta mrefu huko Uingereza.

Mashine hii imepachikwa juu ya lori na ina mkono mrefu wa kiasi cha meta 32. Ramani ya nyumba hutiwa kwanza katika kompyuta. Kisha mafungu ya matofali makubwa hupakiwa kwenye mashine, nayo huyachukua moja moja, huyakata panapohitajika, huyapitisha ndani ya mkono ule, huyapaka gundi na kuyaweka mahali pake. Haitumii saruji na mchanga kuunganisha matofali kama tunavyofanya sisi. Upepo ukiutikisa mkono, kuna vyombo vinavyopima mtikisiko huo na kuurekebisha papo hapo.

Mwezi wa Novemba 2018 mashine hiyo ilimaliza kuta za nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, yenye ukubwa wa meta za mraba 180, kwa muda usiofika siku tatu. Mwaka 2023 kampuni ilitoa mashine mpya zaidi, ikasema inaweza kuweka hadi matofali 500 kwa saa, na tofali moja laweza kuwa na uzito wa kilo 45. Ndugu yetu mwashi anajua maana ya kuinua kilo 45 kutwa nzima.

Lakini tuangalie vizuri. Mashine inajenga kuta tu. Msingi, paa, mabomba, umeme, lipu na milango hubaki kazi ya binadamu. Hata pale penye mashine lazima wawepo wa kuiendesha na kuilisha matofali. Tena matofali yenyewe lazima yawe sawasawa kwa kipimo. Tofali letu la kuchoma, ambalo hili limepinda na lile limenenepa, halifai kwa mashine inayobandika kwa gundi. Kwa hiyo anayewaambia vibarua wa ujenzi wa kwetu kuwa kazi yao itakwisha mwakani anawatisha bure. Vilevile anayewaambia kuwa haitafika kamwe anawalaza usingizi.

HISA NI NINI?

Hisa ni fungu la umiliki. Kampuni ikigawanywa mafungu milioni moja, nawe ukanunua mafungu kumi, wewe ni mwenye kampuni kwa kiasi hicho kidogo. Unaweza kupata faida kwa njia mbili. Ya kwanza ni gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa. Ya pili ni kuuza hisa kwa bei kubwa kuliko uliyonunulia. Kampuni isiyopata faida kwa kawaida haina gawio la kutoa. Hapo inabaki njia ya pili tu, nayo inategemea kumpata mtu mwingine anayeamini kuwa mambo yatakuwa mazuri baadaye.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Wanadhani mashine nzuri na hisa nzuri ni kitu kimoja, kumbe sivyo. Fundi hodari anaweza kuunda chombo cha ajabu, na aliyemkopesha fedha asione hata senti.

KAMPUNI YA FBR IMEPITIA WAPI?

Wazo la mashine hii lilimjia mhandisi mmoja wa Perth, Mark Pivac, mwaka 1994. Kampuni iliingia katika soko la hisa la Australia mwaka 2015. Nyumba ya kwanza kamili ilisimama mwaka 2018. Hesabuni wenyewe: toka wazo mpaka nyumba ni miaka 24. Mtoto aliyezaliwa siku ya wazo alikuwa mtu mzima.

Mwezi wa Julai 2017 kampuni kubwa ya Marekani ya Caterpillar, ile ya matingatinga, ilitangaza kushirikiana nao. Ilinunua hisa za dola milioni 2, ikapewa nafasi ya kununua nyingine za dola milioni 8. Watu wakafurahi na hisa zikapanda bei. Nafasi ile ya milioni 8 Caterpillar haikuitumia. Mwaka 2024 mashine ilipelekwa Florida, Marekani, kwa majaribio pamoja na kampuni kubwa ya vifaa vya ujenzi ya CRH.

Pamoja na juhudi zote hizo, mpaka hesabu za mwaka 2024 kampuni haikuwa imepata faida kwa kazi ya kujenga kuta. Mishahara ya wahandisi, vyuma na majaribio viliendelea kula fedha. Fedha hizo zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitokana na kuuza hisa mpya, mara baada ya mara, na bei ya hisa moja ikateremka mpaka senti chache tu za Australia.

MFANO WA MASHINE YA KUSAGA

Jambo hili la hisa mpya tulieleze kwa mfano. Wafanyakazi kumi wanachanga shilingi 100,000 kila mmoja wanunue mashine ya kusaga mahindi. Fedha yote ni 1,000,000, na kila mmoja ana fungu moja katika kumi. Mashine inafika, lakini haijaanza kusaga. Injini inasumbua na fedha imekwisha. Wanaamua kuuza mafungu kumi mapya. Kwa kuwa watu wa nje wameona mashine haijasaga, hawakubali kutoa zaidi ya shilingi 50,000 kwa fungu.

Sasa mafungu ni 20. Wewe uliyetoa 100,000 huna tena moja ya kumi, bali moja ya ishirini. Fungu lako ukitaka kuliuza utapata 50,000. Na siku mashine itakapoanza kuleta faida ya 200,000 kwa mwezi, badala ya 20,000 utagawiwa 10,000. Hakuna aliyekuibia, na mashine haikuwa ya uongo. Fungu lako limepungua kwa sababu kazi ilichukua muda mrefu kuliko fedha.

Hivyo ndivyo inavyokuwa mara nyingi kwa kampuni inayovumbua kitu ambacho bado hakijajilisha. Mtu mwenye mali nyingi huweka humo sehemu ndogo ya mali yake. Ikipotea, analala usingizi. Mfanyakazi akiweka kiinua mgongo chote, ikipotea imepotea ada ya watoto na bati la nyumba.

FUNZO LA KARIBU

Mwaka 2008 majirani zetu wa Kenya waliuziwa hisa za Safaricom kwa shilingi 5 moja. Watu zaidi ya 800,000 waliomba, na wengi walikopa ili wanunue. Mwaka uliofuata bei ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 3. Aliyenunua kwa akiba yake aliweza kungoja, na waliongoja miaka mingi walifaidika sana. Aliyenunua kwa mkopo hakuweza kungoja, kwa maana riba haingoji. Na kumbukeni, ile ilikuwa kampuni iliyokwisha kupata faida kubwa. Kampuni ya kupanga matofali kwa mashine haijafika hapo.

JE, NI HAKI?

Wanachama wengine wanasema: "Mashine itakuja hata tukikataa, basi afadhali tuwe na sehemu yake." Neno hili lina maana, lakini tulipime. Mwenye hisa mia moja katika kampuni yenye hisa mamilioni hana sauti. Hawezi kuamua mashine ipelekwe wapi wala mwashi aachishwe vipi. Sauti ya mfanyakazi haimo katika hisa mia, imo katika chama chake na katika mkataba wa hiari anaoufunga na mwajiri.

Wenzetu wa mashamba ya chai ya Kericho wanalijua jambo hili. Mashine za kuchuma chai ziliingia kwa miaka, mikono ikapungua, na mwezi wa Mei 2023 mashine kadhaa zikachomwa moto katika maandamano. Moto haukurudisha kazi. Kinachohitajika ni kukaa mezani kabla mashine haijashuka melini: taarifa mapema, mafunzo kwa watakaoiendesha, malipo ya haki kwa wanaopunguzwa, na sehemu ya faida irudi katika mishahara. Mashine inayobeba kilo 45 badala ya mgongo wa mtu si adui. Ubaya ni pale mgongo unapopumzika na tumbo nalo likapumzishwa.

TUNASHAURI HIVI

1. Usinunue hisa kwa fedha ya mkopo, wala kwa fedha utakayoihitaji katika miaka michache ijayo.

2. Usinunue kwa mtu wa njiani au wa kwenye simu usiyemjua. Nunua kwa dalali aliyeandikishwa na mamlaka ya masoko ya hisa, nawe upate hati. Kumbuka pia kwamba si kila kampuni huuza hisa kwa umma. Kampuni ya Marekani ya Construction Robotics, iliyotengeneza mashine ya matofali iitwayo SAM, haimo katika soko la hisa. Anayekuuzia "hisa zake" barabarani, mtilie shaka.

3. Uliza maswali matatu: Kampuni inapata faida? Fedha iliyo nayo itaisha lini? Imeuza hisa mpya mara ngapi? Majibu yamo katika hesabu zake za kila mwaka. Kama huwezi kuzisoma, mletee katibu wa tawi mzisome pamoja.

4. Angalia kwanza chama chako cha akiba na mikopo, ambacho unawajua viongozi wake na unaweza kuwauliza mkutanoni. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

5. Mifuko ya pensheni nayo hununua hisa kwa michango yetu. Tudai taarifa ya mahali fedha hiyo ilipo, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu atakayetoa kidogo anachoweza kukosa, akijua anabahatisha, hatumlaumu. Lakini kiinua mgongo ni miaka yako yote ya kazi iliyofungwa katika bahasha moja. Usiifungue kwa haraka ya mtu mwingine.

Umoja ni nguvu.