Juu ya Neno "Sugu" na Spora za Bakteria

Wafasiri wa vijitabu vya afya hupenda kuandika kwamba maji au maziwa yakichemka, vijidudu vyote hufa. Sentensi hiyo ni Kiswahili safi, lakini si kweli, na katika Mbeya na Iringa kosa lake lazidi. Mimi mwenyewe niliwahi kuiandika, na makala hii yatokana na aibu ile.

Bakteria wa jamaa ya Bacillus na Clostridium, chakula kinapowapungukia, huumba ndani ya mwili wao kitu ambacho wataalamu hukiita spora. Wako waliolifasiri neno hilo kuwa "kijimbegu", na hapo msomaji hupotezwa. Mbegu yakusudiwa uzao: punje moja ya mahindi hutoa punje nyingi. Bakteria mmoja huumba kwa kawaida spora moja tu, nayo ikiamka huwa bakteria mmoja tena. Haizidishi ukoo, yauhifadhi. Kwa sababu hiyo napendelea "spora", ijapokuwa ni neno la kuazima.

Neno gumu zaidi ni "sugu". Maana yake ya mkononi ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa, kama kiganja cha mkulima kwa mpini wa jembe. Je, lafaa kwa spora isiyouawa na joto? Kwa sehemu lafaa sana, kwani usugu wa spora hautokani na ukoo peke yake; wategemea pia hali iliyokuwapo ilipokuwa ikiumbwa. Spora za Bacillus subtilis zilizoumbwa katika joto kubwa zaidi aghalabu huwa na maji machache katika sehemu yake ya ndani, nazo hustahimili moto kuliko zilizoumbwa katika ubaridi. Hali kadhalika kalisiamu, ambayo hushikamana na asidi ya dipikoliniki ndani ya spora: ikikosekana wakati wa kuumbwa, spora hutoka dhaifu. Basi spora mbili za ukoo mmoja zaweza kutofautiana kama viganja vya mkulima na karani. Ila mfano una mpaka wake. Kiganja huendelea kuwa kigumu maadamu jembe lipo; spora iliyokwisha kukamilika haiongezi usugu kwa kuchemshwa mara kwa mara.

Yamkini mtu atasema kwamba baridi ya Mbeya mwezi wa Juni na Julai yatoa spora dhaifu, basi hakuna haja ya hofu. Hoja hiyo haisimami. Rundo la samadi lina joto lake lenyewe hata katika baridi, na samadi ndiyo iliyo karibu na kiwele cha ng'ombe.

Tena kuna jambo la maji yenyewe. Kitenzi "chemka" hakitaji joto. Pwani maji huchemka kwa digrii 100 za sentigredi. Iringa na Mbeya, kwa kuwa miji hiyo iko juu ya mita 1,500, huchemka kwa digrii 94 au 95 hivi. Kyela, iliyo katika mkoa uo huo wa Mbeya lakini chini kando ya Ziwa Nyasa, hupita digrii 98. Kwa spora nyingi joto likipungua digrii 10, muda wa kuziua huzidi kama mara 10. Kwa hiyo upungufu wa digrii 5 au 6 wadai muda wa mara tatu au nne. Wapishi wa maharage wa Mbeya walijua habari hii bila kipimajoto.

Kuchemsha maji kusidharauliwe: bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo hawaumbi spora, nao hufa. Spora za Clostridium botulinum ndizo zinazotaka mvuke uliobanwa hata ufike digrii 121, kwa muda wa dakika 3 hivi. Kwa hiyo sentensi yangu ya zamani naifuta, na badala yake naandika: "Kuchemsha huua vijidudu vingi viletavyo maradhi, lakini huacha spora, chakula kilichochemshwa kisiachwe vuguvugu usiku kucha."