Samaki Anayebeba Watoto Kinywani

1. Jamaa kubwa ya ziwani

Ziwa Tanganika ni refu kupita maziwa yote ya maji baridi duniani. Toka kaskazini, karibu na Uvira, mpaka kusini katika nchi ya Zambia, urefu wake wapata kilometa 670. Kina chake pia ni kikubwa: mahali pengine chapata meta 1470. Ndani ya maji hayo mnaishi samaki wa namna nyingi. Watu wote huwajua ndakala na mikeke, kwa sababu ndio wanaojaza mitumbwi na masoko. Lakini karibu na pwani, penye mawe na mchanga, inakaa jamaa nyingine kubwa. Ngege ni wa jamaa hii, na kuhe pia. Wataalamu huiita jamaa ya sikilidi. Katika Ziwa Tanganika wamehesabu aina zake zaidi ya 200, na karibu zote hazipatikani pahali pengine po pote.

Samaki wengi hutaga mayai, kisha huenda zao. Ndakala humwaga mayai majini wala hawayatazami tena. Sikilidi hawafanyi hivyo. Wao hulinda mayai yao, na watoto wakitoka huwalinda vilevile. Wengine hulinda juu ya jiwe, wengine ndani ya gamba tupu la konokono, wengine ndani ya kinywa chao wenyewe. Mtu akitaka kufuga samaki hawa, yampasa kujua kwanza kama ni wazazi wa namna gani. Asipojua, atawaua watoto huku akidhani anawasaidia.

2. Sanduku la kioo

Samaki hawa huonekana vizuri katika sanduku la kioo. Tuseme sanduku lina urefu wa meta 1 na upana wa sentimeta 40, na maji yamefika kimo cha sentimeta 35. Hesabu yake ni lita 140. Maji hayo yana uzito wa kilo 140, bila mawe na mchanga. Kwa hiyo meza iwe imara sana.

Mawe hupangwa kwanza, chini kabisa, yawe kama vibanda vidogo. Baadaye mchanga uliooshwa humwagwa kandokando yake. Mtu akiweka mawe juu ya mchanga, samaki watachimba chini yake, na mawe yataanguka na kuvunja kioo.

Maji ya ziwa yanafaa, maana yana madini mengi yaliyoyeyuka ndani yake. Maji ya mvua peke yake hayafai kwa samaki hawa, kwa kuwa hayana madini hayo. Maji ya bomba mara nyingi yametiwa dawa ya kuua vijidudu, na dawa hiyo huunguza matamvua ya samaki. Yaachwe kwanza katika ndoo iliyo wazi siku 1 au 2. Joto la maji liwe digrii 25 mpaka 27.

Samaki huvuta hewa iliyomo katika maji. Penye umeme, pampu ndogo yaweza kuingiza hewa. Pasipo umeme, sanduku liwe pana, na samaki wawe wachache. Tena chakula kisizidi. Chakula kinachobaki huoza, na uozo huo hufanya sumu isiyoonekana kwa macho. Kila juma sehemu moja ya nne ya maji huondolewa kwa mpira mwembamba, na maji mapya ya joto lile lile hutiwa polepole.

3. Mayai yanaingia kinywani

Samaki mmoja anayefugika vizuri ni yule ambaye wataalamu humwita Astatotilapia burtoni. Hukaa katika pwani za Ziwa Tanganika, na katika mito na vidimbwi vilivyo karibu. Dume mwenye makao yake huvaa rangi za kung'aa, na mstari mweusi hushuka toka jicho lake mpaka mdomoni. Jike ana rangi ya mchanga. Dume ana pia alama za mviringo, rangi ya machungwa, katika pezi lake la chini karibu na mkia. Ukizitazama, utadhani ni mayai.

Wakati wa kutaga dume huchimba shimo katika mchanga, huwafukuza madume wengine, kisha humwita jike kwa kutikisa mwili. Jike hutaga mayai machache, hugeuka mara moja, na kuyaokota kwa kinywa. Halafu hukaribia zile alama za pezi la dume kama kwamba anataka kuziokota pia. Hapo hupokea mbegu ya dume, na mayai hupata uzima ndani ya kinywa chake. Mtaalamu Mjerumani Wolfgang Wickler alieleza jambo hili mwaka 1962. Wataalamu waliomfuata wameona kwamba alama hizo huwatisha pia madume wengine.

Toka saa ile jike hali chakula. Kidevu chake huvimba. Ukitazama kwa makini utaona kinywa kikitafuna-tafuna polepole, ingawa hakuna chakula ndani yake. Anayageuza mayai, ili maji safi yapite kati yake. Yai lisilogeuzwa hufa. Kazi hiyo huendelea usiku na mchana, muda wa siku 14 hivi. Mama hukonda, lakini hafungui kinywa.

4. Hatari ya sanduku la wengi

Katika ziwa mama huyu angejitenga. Angekwenda penye majani au maji machache, mbali na vita vya madume. Katika sanduku lenye samaki wengi hana pa kwenda. Dume humfukuza toka pembe moja hata pembe nyingine. Wengine humgonga. Akichoka sana au akiogopa, huyameza mayai au huyatema. Akiyatema, wenzake huyala papo hapo.

Na kama akivumilia siku zote 14, hatari haijakwisha. Siku anapofungua kinywa, watoto hutoka katikati ya samaki wenye njaa. Asubuhi mwenye sanduku aweza kuona watoto 30. Jioni asione hata mmoja.

Yuko na mwizi mwingine. Katika Ziwa Tanganika anaishi samaki mwenye sharubu na madoa meusi, jina lake Synodontis multipunctatus. Sikilidi wanapotaga, yeye hupita upesi kati yao, hula mayai yao, na kuacha yake. Mama huyaokota mayai ya mgeni pamoja na yake mwenyewe. Watoto wa mgeni huanguliwa mapema, na ndani ya kinywa cha mama yule huwala watoto wake. Jambo hili lilielezwa mwaka 1986 na mtaalamu Mjapani Tetsu Sato. Kwa hiyo samaki huyu asiwekwe katika sanduku moja na mama wenye kubeba watoto kinywani, kama mtu anataka wapone.

5. Namna ya kumtenga mama

Yafaa kuwa na sanduku la pili, dogo, la lita 30 au 40. Ndani yake yawemo jiwe moja la kujificha, na maji yaliyotolewa katika sanduku kubwa. Mama akiingia katika maji aliyoyazoea, hatashtuka sana.

Siku ya kumtenga ni muhimu. Mwenye sanduku aandike tarehe ya kutaga, halafu angoje siku 10 hivi. Akimshika mapema, mama huyatema mayai ambayo hayawezi kuishi bila yeye. Akichelewa, watoto watatoka katika sanduku la wengi.

Kazi hii ifanywe usiku, wakati samaki wametulia. Watu wawili wasaidiane. Mmoja akae na wavu kimya nyuma ya mama, wa pili amsukume polepole kwa wavu mwingine. Wavu usiinuliwe hewani. Bakuli lizamishwe majini, mama aingizwe ndani yake, naye achukuliwe pamoja na maji. Samaki akiinuliwa hewani hupigapiga mwili na kufungua kinywa, na hapo kazi yote imepotea. Sanduku dogo lifunikwe kwa kitambaa mpaka asubuhi. Watoto wa shule wasisongamane mbele yake, wala wasigonge kioo.

6. Watoto wanatoka

Siku inapofika, mama hufungua kinywa na watoto hutoka kama moshi mdogo. Urefu wa kila mmoja haufiki sentimeta 1. Mtu akikaribia upesi, mama huinamisha kichwa, na watoto hukimbilia kinywani tena. Kwa siku chache kinywa kile ni nyumba yao.

Lakini mama amekaa majuma mawili bila kula. Katika sanduku dogo, njaa ikimzidi, aweza kuwala watoto wale wale aliowabeba. Kwa hiyo watoto wakizoea kuogelea wenyewe, mama aondolewe. Asirudishwe mara moja kwa wenzake, kwa kuwa amedhoofika na watampiga. Apewe kwanza chakula kizuri peke yake siku kadhaa: viluwiluwi vya mbu, au ndakala mkavu aliyesagwa.

Watoto nao hula ndakala aliyesagwa mpaka awe kama vumbi, au kiini cha yai la kuku lililochemshwa, kadiri ya kichwa cha sindano. Wapewe kidogo mara 3 au 4 kwa siku, na mabaki yaondolewe. Watoto wengi hawafi kwa njaa. Hufa kwa maji yaliyochafuka kwa chakula. Wasirudishwe katika sanduku kubwa mpaka wawe wakubwa kuliko vinywa vya wenyeji.

Kama watoto wakizidi, wasimwagwe katika mto au ziwa ambamo wazazi wao hawakutoka. Samaki mgeni aweza kuharibu makao ya wenyeji.

7. Wazazi wasiofaa kutengwa

Je, kila sikilidi atengwe na watoto? La. Yuko samaki mwingine wa mawe ya Tanganika, mwembamba, mwenye mkia kama mwezi mchanga. Jina lake Neolamprologus brichardi. Sehemu ya pili ya jina hilo, brichardi, ilitolewa mwaka 1974 na Max Poll, Mbelgiji aliyekuwamo katika safari ya kuchunguza ziwa mwaka 1946 na 1947.

Samaki huyu habebi mayai kinywani. Hutaga katika ufa wa jiwe. Mama huyapepea mayai kwa mapezi, na huondoa yale yaliyokufa, ambayo hugeuka meupe na kuota ukungu. Baba hulinda mpaka. Na kitu cha ajabu ni hiki: watoto wakubwa wa uzao uliopita hawaondoki. Hubaki nyumbani, husafisha mayai ya wadogo wao, hutoa mchanga katika ufa, na kuwafukuza adui.

Hapa mfugaji akiyatoa mayai, ameyanyang'anya walinzi wengi, naye peke yake hataweza kazi yao. Kwa samaki hawa wazazi huachwa pamoja na watoto wao, wakubwa kwa wadogo. Wanaotolewa ni wageni, maana jamaa hii huwapiga wengine wote mpaka inashika sanduku zima. Basi, kwa yule wa kwanza hutengwa mama. Kwa huyu wa pili hutengwa majirani.

8. Tazama kwanza

Mwenyezi Mungu hakuwapa samaki akili ya kufikiri kama mtu. Hata hivyo amempa kila mmoja njia yake ya kulea. Mtu amepewa akili ili aitazame njia hiyo kwanza, kisha asaidie pale tu penye upungufu. Sanduku la kioo limemnyima mama pahali pa kujificha. Basi mwenye sanduku ampe pahali hapo. Kazi ya kugeuza mayai amwachie mama.

Na yaliyo katika sanduku yako ziwani pia. Ngege wa Tanganika hubeba watoto kinywani, na mahali pao pa kulelea ni pwani yenye maji machache. Mtu akikokota chandarua cha mbu pwani hapo, huwakusanya mama na watoto pamoja. Jioni hiyo atakula, lakini samaki ambao wangekuwa wakubwa ameshawamaliza kabla ya siku yao. Mtoto aliyemwona mama samaki akikonda siku 14 kwa ajili ya watoto 30 ataweza kuwaeleza wakubwa nyumbani, kwa heshima, sababu ya kuiacha pwani hiyo ipumzike.

Maulizo

1. Sikilidi na ndakala, wanatofautianaje katika kutunza mayai?
2. Kwa nini mawe huwekwa kabla ya mchanga?
3. Sanduku lina urefu wa sentimeta 80, upana wa sentimeta 40, na maji ya kimo cha sentimeta 30. Lina lita ngapi?
4. Mama anayebeba mayai hutafuna-tafuna kwa sababu gani?
5. Mama ametaga tarehe 3 ya mwezi. Atengwe tarehe gani hivi?
6. Kwa nini Neolamprologus brichardi hatengwi na mayai yake?
7. Eleza kwa maneno yako: mvuvi wa pwani awezaje kuwalinda watoto wa ngege?