Kitanzi cha biki kwenye kaye: kiko na faida?



Wengi wanauliza kama kitanzi cha kushikia biki kwenye kaye kiko na kazi ao ni urembo tu. Tufasirie kidogo.

Kwenye ncha ya biki kuko kichuma kidogo cha mviringo. Kinazunguka na kutoa wino. Biki ikianguka kwa ncha juu ya mawe ya Nyiragongo, yale ya mwaka 2002, kichuma kinaweza kuharibika: wino iko ndani, lakini haiandike tena. Basi kwa sisi wenye kutembea kwa miguu, kitanzi kinafaa.

Si lazima kununua. Kata kipande cha shambrere ya kinga, ushone na uzi pembeni ya jalada. Usishone kwenye mgongo, juu kila ukivuta biki, karatasi zitalegea.

Lakini finaliste, sikieni vizuri: siku ya Examen d'État, kaye inabaki inje. Biki yenye kubaki ndani ya kitanzi inabaki nayo, na minervali ya wazazi ya mwaka muzima iko hatarini.

Njiani, kitanzi. Siku ya mtihani, biki mbili mfukoni.