Sweta za Kikundi na Masomo ya Digrii: Mwanachama Afanyeje?

Zamani mtu akitaja kikundi cha kina mama wanaofuma sweta, watu walifikiria wale ambao hawakupata nafasi ya shule. Siku hizi mambo yamegeuka. Katika kikundi kimoja utampata mama aliyeishia darasa la saba, msichana aliyemaliza kidato cha nne, muuguzi wa zahanati, na mwalimu wa shule ya msingi anayesomea digrii, pengine hata digrii ya pili, ile inayoitwa uzamili. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini limekuja na shida yake, na shida hiyo inaweza kuvunja kikundi kizuri kabisa: sweta za shule zimeahidiwa, malipo ya kwanza yamepokelewa na kununuliwa uzi, halafu mwanachama mmoja yuko chuoni na sindano zake zimelala.

Hapo ndipo maneno huanza. Wengine husema, "Huyu anajiona kwa sababu ya masomo." Naye mwenyewe, badala ya kusema ukweli, huanza kukosa mikutano. Mwisho wake ama anatoka kikundini, ama anaacha masomo katikati, karo imelipwa na hairudi. Na kote kuwili hasara ni ya kikundi.

Hebu tulitazame jambo hili kwa hesabu, si kwa hasira.

Tuhesabu vitanzi kwanza

Wengi wetu huhesabu sweta kwa mdomo: "Nitaimaliza wiki ijayo." Hiyo si hesabu, hayo ni matumaini. Hesabu yenyewe iko kwenye vitanzi. Chukua sweta ya mtoto wa miaka 8 mwenye kifua cha sentimita 66. Sweta haitakiwi kubana, kwa hivyo ongeza sentimita 8, inakuwa 74, yaani 37 mbele na 37 nyuma. Kwa uzi wa kawaida wa sweta za shule na sindano za milimita 4 (wakongwe wa kazi hii bado huziita namba 8), mfumaji wa wastani hupata vitanzi 22 hivi na mistari 30 katika kipande cha sentimita 10 kwa 10. Basi mgongo peke yake una vitanzi 81 kwa upana. Urefu ukiwa sentimita 42, hiyo ni mistari 126. Zidisha uone: zaidi ya vitanzi 10,200. Mbele ni karibu sawa. Mikono miwili ni kama 12,000. Ukiondoa pale panapopunguzwa kwapani na shingoni, unabaki na vitanzi kama 30,000. Hiyo ni sweta moja, tena ya mtoto!

Mtu akifuma vitanzi 20 kwa dakika bila kusimama, ni dakika 1,500, yaani masaa 25. Ongeza masaa 2 ya kufuma shingo na kushonea vipande. Ni masaa 27. Mwenye mashine ya kufuma atatucheka, maana yeye hana haja ya masaa hayo yote, lakini vikundi vyetu vingi bado ni vya sindano mbili na subira.

Usichukue hesabu hii kama ilivyo. Kila mwanachama apime mkono wake mwenyewe. Aweke saa mezani, afume kwa dakika 10, ahesabu vitanzi, agawanye kwa 10. Kuna wa 30 kwa dakika na kuna wa 12, na wa 12 mara nyingi ndiye mwenye kazi safi. Katibu aandike namba ya kila mtu katika daftari la kikundi. Tangu siku hiyo, oda ikija mnajua mnachoahidi.

Sasa mwalimu wetu

Tuseme kikundi kina wanachama 10. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani ametoa oda ya sweta 60 mwanzoni mwa Oktoba, zitakiwe shule zikifunguliwa Januari. Mnagawana 6 kwa kila mtu. Masaa 27 mara 6 ni masaa 162. Kuna wiki kama 13 hapo katikati, kwa hivyo kila mmoja anatakiwa kufuma masaa 12 na nusu kwa wiki. Ni masaa mawili na dakika chache kwa siku, Jumapili mkipumzika. Mama wa shamba na ng'ombe anaweza, ingawa si mchezo.

Lakini mmoja wenu ni mwalimu anayesoma. Vyuo vikuu vingi vyetu vina mpango wa kufundisha walimu wakati wa likizo za shule, Aprili, Agosti na Desemba. Hapo ndipo mtego ulipo. Msimu mkubwa wa sweta za shule ni Novemba hadi Januari, kwa kuwa ndipo wazazi wanaponunua yunifomu, na Desemba hiyo hiyo ndiyo mwalimu anaketi darasani kuanzia asubuhi hadi jioni, usiku anaandika kazi aliyopewa. Oktoba na Novemba nako kuna mitihani ya kitaifa shuleni kwake. Ukiondoa wiki 4 za Desemba anabaki na wiki 9. Masaa 162 kugawanywa kwa wiki 9 ni masaa 18 kwa wiki, masaa matatu kila usiku, baada ya kufundisha, kupika na kusahihisha madaftari. Na hatujaweka saa hata moja ya kusoma.

Mtu akikubali mzigo huo mkutanoni kwa sababu ya aibu, amejidanganya yeye na amewadanganya wenzake. Sasa geuza hesabu. Muulizeni: kwa wiki una masaa mangapi kweli ya kushika sindano? Akisema 6, basi 6 mara wiki 9 ni 54, nayo 54 ukigawanya kwa 27 ni sweta 2 kamili. Mpeni 2. Zinabaki 58 kwa watu 9: watano wafume 6 kila mmoja, na wanne wenye mkono mwepesi wafume 7. Hakuna aliyeumia sana, na hakuna ugomvi mwezi wa Januari. Malipo hufuata sweta. Anayefuma 7 alipwe za 7, na mwalimu alipwe za 2.

Hapa kuna mjumbe atauliza, "Je, huyo wa sweta mbili bado ni mwanachama kama sisi?" Ni swali la haki. Jibu liandikwe katika katiba ya kikundi kabla ya kuhitajika. Kila kikundi kinachosajiliwa chini ya sheria ya vikundi vya kijamii ya mwaka 2022 lazima kiwe na katiba, na hakuna kinachowazuia kuongeza kifungu kinachosema mwanachama aliye masomoni anaweza kupunguziwa kazi kwa muda fulani, mradi aendelee kutoa mchango wa kila mwezi na atoe taarifa kabla oda haijagawanywa. Neno "kabla" ndilo kubwa. Mtu anayesema Septemba ni mwenzenu anayepanga. Anayesema tarehe 28 Desemba amewaacha njiani.

Tena kuna kazi nyingine zinazomfaa. Mtu anayesoma digrii anaweza kuweka vitabu vya hesabu, kuandika makubaliano na shule, na kupiga hesabu ya uzi. Kazi hizi zina thamani ya pesa, ingawa vikundi vingi huzifanyisha bure. Kwa maoni yetu ni vibaya. Mpangieni malipo madogo.

Kazi gani ya sindano, wakati gani

Sasa nizungumze na wewe mwenyewe unayesoma. Usiweke kufuma kote katika kapu moja. Mgongo wa sweta ni safari ya wazi: vitanzi 81 huku, 81 kule. Mikono inajua yenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya kufanya ukisikiliza somo lililorekodiwa katika simu, au mkiwa katika mjadala wa kikundi cha masomo. Lakini kupunguza kwa shingo, kwapa, na sweta yenye michoro, hizo zataka kichwa chote. Ukizichanganya na somo utapoteza somo na utafumua sweta.

Kusoma kitabu na kuandika hakuendi na sindano, usijidanganye. Mikono ni miwili tu. Tenga usiku wa kuandika na usiku wa kufuma. Wengine hufanya vizuri wakiandika kuanzia saa kumi alfajiri watoto wakiwa wamelala, na kufuma usiku kichwa kikiwa kimechoka. Kufuma baada ya kusoma ni pumziko kwa wengi, kwa sababu unaona kitu kimeongezeka. Tasnifu inaweza kukaa miezi haionyeshi mabadiliko, na mwalimu wa chuo akirudisha sura nzima yenye alama nyekundu, sentimita 10 za sweta zilizofumwa siku hiyo ni faraja.

Lakini faraja hiyo ina hatari yake. Mwaka wa kwanza wa uzamili una ratiba, vipindi na mitihani, kwa hivyo mtu husukumwa. Mwaka wa pili ni wa utafiti na tasnifu, hakuna kengele inayolia. Hapo ndipo wengi hukwama miaka, na ndipo sindano huvutia, maana sweta ina mwenyewe anayeidai. Ukiona umefuma jioni tano mfululizo na hujafungua tasnifu, si bidii hiyo, ni maficho. Mwambie mwekahazina akupunguzie.

Safarini fuma mikono ya sweta. Mkono ni mdogo, hauchukui nafasi ndani ya matatu wala haumgusi jirani. Mwili wa sweta ubaki nyumbani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, kwa hivyo shona mfuko wa kitambaa wenye kamba, na ndani yake weka karatasi. Usiache kazi katikati ya mstari, malizia mstari ndipo ushuke, na uandike: "mkono wa kushoto, mstari wa 64, nimeongeza mara 5." Fanya vivyo hivyo kwa masomo. Ukifunga kitabu andika mstari mmoja wa ulipoishia na unachofuata. Mtu mwenye dakika 40 tu hawezi kupoteza 15 akijitafuta.

Pesa zisichanganyike

Malipo ya kwanza kutoka shuleni si pesa zako, wala si za kikundi bado. Ni uzi. Karo ikidaiwa na pesa za uzi ziko katika simu yako, majaribu ni makubwa. Njia ni moja: pesa za oda ziwekwe katika akaunti ya kikundi yenye watia sahihi zaidi ya mmoja, na anayesoma asiwe ndiye anayezishika peke yake, hata kama ni mwaminifu kama Danieli. Kwa karo kuna njia nyingine. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, iliyoanzishwa mwaka 1995, inatoa pia mikopo kwa wanaosoma baada ya digrii ya kwanza.

Uzi wa oda nzima ununuliwe siku moja. Karatasi iliyofunga uzi huwa na namba ya rangi na namba nyingine ya pipa uliopikwa pamoja. Maruni ya pipa hili si maruni ya pipa lile, na jua la uwanjani litaonyesha tofauti. Mwalimu akichelewa kuchukua uzi wake, awekewe fungu lake pembeni lenye jina.

Sweta ikibaki nusu

Hata mkipanga vizuri, wakati mwingine mtihani wa chuo husogezwa, au mtoto huugua. Sweta iko nusu. Tusione haya kuihamisha. Anayeitoa aitoe ikiwa bado katika sindano zake, pamoja na uzi uliobaki na ile karatasi yenye hesabu. Anayeipokea asiendeleze kipande cha mwenzake katikati, kwa kuwa mikono haikazi sawa na mstari wa makutano utaonekana. Aliyeanza kipande akimalize. Anayepokea achukue kipande kizima ambacho hakijaanzwa.

Malipo nayo yagawanywe kwa vipande. Tuseme ufundi wa sweta moja ni shilingi 400. Kwa kufuata wingi wa vitanzi, mgongo uwe 120, mbele 110, kila mkono 65, na shingo pamoja na kushonea 40. Aliyefuma mgongo na mkono mmoja ana 185, anayemalizia ana 215. Bandikeni orodha hiyo ukutani pale mnapokutania, ili hesabu isifanywe na mwenye sauti kubwa.

Vipande vya wafumaji wawili vipimwe kwa futi ya fundi kabla ya kushonwa. Vikitofautiana kidogo, vioshwe kwa maji ya baridi na vitandazwe juu ya taulo vikauke vikiwa vimenyooshwa kwa kipimo kimoja. Msipige pasi ya moto uzi wa akriliki; hulegea na haurudi tena.